Neno Lililokunja Viwiko

Niliitwa Dodoma kuwafasiria vijana waliojitolea kuwa makocha wa kriketi. Mkufunzi akaeleza kwa Kiingereza, nami nikaandika: "Tupa." Basi watoto wakatupa, kama wawatupiavyo mawe ndege wa mtamani. Kumbe ndilo likatazwalo: mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko kilichokunjwa kisikunjuliwe mpaka mpira utoke kiganjani.

Timu ya Afrika Mashariki ilicheza Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, mwaka 1975; lakini kamusi zangu, siku mbili nzima, hazikunipa neno. Kocha mmoja, binti muuza karanga, hakulingoja. Akanyoosha mkono: "Wadogo zangu, zungusheni. Mkono uwe pangaboi!"

Viwiko vikanyooka. Nikalifuta langu kwa kalamu, nakala baada ya nakala.