Lushoto: Stuli ya Mpwa Wangu

Ukishuka Mombo, msomaji wangu, toa koti kabla hujatafuta chai. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona tupu, huku mwamba, kule korongo. Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto la Dar unalisahau.

Mimi sikwenda kutalii. Nilimpeleka mpwa wangu, miaka 17, ambaye anaelewa mambo polepole. Shuleni alirudia darasa mpaka wakachoka naye. Dada alinipa nauli na swali moja: "Watamuweza?"

Karakana ya useremala ni ndogo, inanukia mbao mbichi. Mwalimu hakumwambia asome wala aandike. Alimpa msasa na stuli iliyokwisha kuungwa. Kumbe pale wanaanza mwisho! Mgeni anamalizia kazi ya mwenzake, ili siku ya kwanza tu aone kitu kimekamilika mkononi mwake. Akishazoea anarudishwa nyuma hatua moja moja: kuunga, kutoboa, kukata, kupima. Kila hatua ina picha yake ukutani, na mpangilio haubadilishwi hata siku moja.

Niliporudi baada ya miezi minne alikuwa amefika kwenye kupima, na futi kamba ilikuwa imemshinda. Namba zinamchanganya. Mwalimu akamkatia kijiti chenye urefu wa mguu wa stuli. Weka, chora, kata. Jamani, miguu minne ikatoka sawa!

Ila akimaliza, nani atampa kazi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sawa, lakini fundi wa mtaani ana vijana watatu, sheria hiyo haimgusi. Ndiyo maana mwalimu huyu huzunguka mwenyewe kwa mafundi wa mjini, na wiki ya kwanza hukaa na kijana wake kazini, kijiti na picha mkononi. Kwangu mimi hilo linazidi cheti.

Likizo ilipofika tukapanda basi. Konda akataka stuli iwekwe kwenye buti. "Mama mdogo, mwambie hapana." Akaipakata kona zote mpaka Mombo.