Ukiwa Juu ya Springi, Uliza Kwanza Mkanda wa Goti

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za mitindo ya nywele na nani kaachana na nani. Nataka tuongee habari za kipande cha mkanda. Upana wake hauzidi vidole vinne, kazi yake ni kukaa chini ya goti langu, na kimenikosesha usingizi karibu miezi mitatu.

Wengi wenu mmeshaniona, ila hamjui kuwa ndiye mimi. Ukipita kwenye ufunguzi wa duka, au bonanza la ufukweni, au pale gari la promosheni linapopiga muziki mpaka vioo vya jirani vinatikisika, utakuta vijana wamevaa miguu mirefu ya chuma wanadunda kama swala aliyeona simba. Kuna binti mmoja pale, mwembamba, kofia ngumu ya njano. Ndiye huyu anayekuandikia safu hii. Kalamu peke yake haimlishi mtu, bwana, hasa ukiwa umeingia mjini na cheti cha kidato cha nne na ndoto mbili tatu.

Miguu yenyewe wengine wanaiita miguu ya mbuni, wengine ya kangaruu. Sisi kijiweni tunaita springi tu, biashara imekwisha. Si kitu cha kale. Aliyeibuni ni Mjerumani mmoja aitwaye Alexander Böck, na hati miliki yake ya Marekani ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2008 watu waliidunda kwenye sherehe za kufunga Olimpiki ya Beijing, dunia nzima ikaona. Kwetu ilikuja kwa kutangaza biashara, na mingi inakuja ikiwa imeshachoshwa na watu wengine huko ilikotoka.

Sasa hebu nikueleze ilivyo, maana bila kuelewa hapa huko mbele utanipotea. Unakanyaga kibao, mguu unafungwa kama vile umevaa kiatu. Nyuma ya mguu kuna upinde mpana wa faiba, na huo ndio springi yenyewe. Chini kabisa kuna kwato ya mpira. Kutoka kwenye kibao linapanda bomba la aluminiamu sambamba na muundi, na juu yake, chini kidogo ya pia ya goti, kuna kikombe chenye pedi na mkanda. Mguu mmoja una uzito wa kilo tatu na ushei. Springi zinauzwa kwa uzito wa mtu, kwa hiyo ya mtu wa kilo 60 akiivaa mtu wa kilo 90 ni kutafutana ubaya.

Uzito wako unabebwa na kibao. Ule mkanda wa goti haubebi uzito, na ndiyo maana watu wanaudharau. Lakini usukani wote uko pale! Ukitaka kwenda kulia, goti ndilo linalolisukuma lile bomba. Ukitua, kinachozuia chuma kisijiendee zake ni ule mkanda. Ukifunguka, mguu wa chuma unabaki umening'inia kwenye kifundo chako kama kandambili iliyokatika kamba. Na kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalijui: juu ya springi huwezi kusimama tuli. Lazima uwe unapiga hatua ndogondogo muda wote, la sivyo unaanguka. Kwa hiyo mkanda ukilegea katikati ya shoo hakuna cha kuinama ukaukaza. Unatafuta ukuta, au nguzo, au bega la mtu, haraka!

Mshikaji wetu mmoja hakupata ukuta. Ilikuwa ufunguzi wa duka moja mjini hapa, jina tuliache, watoto wamejaa, bosi anapiga kelele "Juu! Juu zaidi!" Kijana akaruka vizuri kabisa, akatua, nikasikia ule mlio wa velkro, chraaa! Mguu wa kulia ukaenda na njia yake. Aliangukia viganja na kidevu. Kofia na vikinga vya mkono vilimwokoa, lakini kiganja kilivimba wiki mbili, na wiki mbili bila kuruka ni wiki mbili bila mshiko. Ana mtoto wa miezi minane. Kampuni iliyotukodi ilimlipa nusu siku, eti hakumaliza kazi. Wajameni!

Bosi wetu akatoa amri: kuanzia leo kazeni mikanda mpaka mwisho. Tukakaza. Kazi ya pili tu, mimi vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuwashawasha kama vimekaliwa. Usiku kidole gumba nakiambia nyanyuka, kinanyanyuka kwa uvivu kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Nikaogopa, tena si kidogo. Mimi miguu ndiyo ofisi yangu.

Nilikwenda kumwona dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanikalisha, akanipapasa nje ya mguu chini ya goti. Fanya na wewe msomaji, hapo ulipo: pitisha kidole upande wa nje, chini kidogo ya goti, utagusa kifundo cha mfupa. Akaniambia chini kidogo ya kifundo hicho unapita mshipa wa fahamu, umezunguka shingo ya mfupa na hauna nyama ya kuulinda, ngozi tu. Mshipa huo ndio unaoamrisha mguu unyanyuke kwenye kifundo. Ukibanwa kwa muda mrefu, na hata plasta ya hospitali iliyobana vibaya inaweza kuubana, mguu unaweza kulegea mpaka ukitembea unaburuza vidole.

"Mdogo wangu," akasema, "kila mkipumzika jaribu kunyanyua kidole gumba. Kikigoma, fungua mkanda hapo hapo. Na kama kugoma kwenyewe hakuishi, usikae nyumbani, njoo."

Basi nikawa katikati. Nikilegeza, naanguka. Nikikaza, namuua mguu. Velkro mpya? Niliulizia, spea hazipatikani, na zikipatikana ni ile ile. Nikaanza kuichunguza hiyo velkro yenyewe. Ilibuniwa na Mswisi, George de Mestral, baada ya kutazama vijimbegu vilivyomng'ang'ania mbwa wake porini, akapata hati miliki miaka ya 1950. Ukiivuta kwa ubapa, kama watu wawili wanaovutana kamba, inashika vibaya sana. Ukiianzia pembeni na kuibandua, hata mtoto anaifungua. Na ya kwetu ilikuwa imeshameza vumbi la Dar, nyuzi za soksi na jasho la miaka. Vile vikulabu vidogo havikuwa na pa kushika. Mkanda wenyewe ulifungwa ncha juu ya ncha, na goti likijikunja, shavu la mguu linafura, linasukuma ncha, inaanza kubanduka. Hapo tatizo si kukaza. Ungekaza mpaka kesho.

Wengine wangempelekea fundi chuma. Mimi nikaenda kwa fundi viatu, mzee wa Kimakonde anayekaa chini ya mwarobaini si mbali na kwetu Temeke. Sababu yangu ilikuwa moja: fundi viatu ndiye anayejua ngozi ya binadamu inavyochubuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hayo ni madude gani tena?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka miwani ikashuka. Akasema huko kwao Newala alikua akiona sanamu zinacheza juu ya magongo marefu, ngoma ya jando, na wale wachezaji hawakufunga kamba juu ya ngozi. Walianza kuzungushia nguo, ndipo kamba. "Nyie mna chuma cha Ulaya, mmesahau nguo," akasema. Kisha akaniambia nivae, nishike tawi, nipinde goti.

Jambo la kwanza aliloliona hata halikuwa mkanda. Kikombe kilikuwa kimefungwa juu mno kwa urefu wa mguu wangu, kila nikikunja goti ukingo wake unagonga pia. Bomba lina matundu ya kupandishia na kushushia. Tulilishusha tundu moja tu, nusu ya maumivu ikaondoka bila kushona kitu. Kwa hiyo wewe uliye na springi, kabla hujalaumu mkanda, tazama tundu.

Halafu pedi. Ile ya kiwandani ilikuwa sponji laini iliyokwisha kulala kama godoro la gesti. Fundi akachukua soli ya ndala nzee, ile ngumungumu, akaikata kwa umbo la kikombe. Hiyo ndiyo ya nje, ya kusambaza mgandamizo. Ndani akaweka sponji mpya. Nikamwonyesha kile kifundo cha mfupa na kumweleza maneno ya yule dada. Akachukua bairo, akanichora duara mguuni, kisha akachonga shimo kwenye soli mahali pale, na kulirefusha kidogo kwenda chini, ili mshipa ukae uwazini. Alitaka kuifunika kwa ngozi ya plastiki, ile ya makochi, nikakataa. Jua la Dar na plastiki juu ya ngozi ni kupika mguu. Tukatumia jinzi ya mtumba, upande uliofubaa, ni laini na inanyonya jasho.

Mkanda tulinunua Gerezani, kipande cha mkanda wa gari lililokatwakatwa, shilingi 3,000 baada ya kubishana. Mikanda ya gari imetengenezwa kuzuia mtu asitoke kwenye kioo, kwa hiyo goti langu haliwezi kuukata. Ujanja uko kwenye ufungaji. Badala ya ncha juu ya ncha, fundi aliweka pete ya chuma upande mmoja. Mkanda unatoka upande wa pili, unapita ndani ya pete, unarudi ulikotoka na kujilalia wenyewe kwa velkro mpya. Sasa velkro inavutwa kwa ubapa, na pete inagawana mzigo nayo, kwa hiyo inabaki na nguvu ndogo ya kuzuia. Juu yake kuna kamkanda kembamba ka begi la shule chenye bizimu ya kubonyeza, ka-klik! Hako kazi yake ni moja, kuizuia ncha ya velkro isianze kubanduka. Kimoja kikifa, kingine kinanipa muda wa kuufikia ukuta.

Kwenye kufunga mkanda na chuma kulikuwa na ubishi. Kijana wa jirani mwenye drili alitaka kutoboa matundu mapya kwenye bomba. Mzee akamfukuza. Bomba la aluminiamu linalopigwa na mruko baada ya mruko ukilitoboa ovyo, ufa utaanzia hapo. Tulitumia matundu yaliyokuwepo, ripiti na washa pana, na kwenye mkanda akashona mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni, msharasi na mate kidogo. Mate sijui ya nini, ila ndivyo alivyofanya.

Nilidhani tumemaliza. Wapi! Jioni hiyo nikaenda kwenye majani ya uwanja wa shule, nimechora mstari wa bairo kwenye mkanda pale unapoingia kwenye pete. Nikaruka 50, nikitazama. Mstari ulikuwa umetembea upana wa kidole. Mkanda wa gari unateleza kama kambare! Haukufunguka, lakini ulikuwa unalegea polepole, na huko kulegea polepole ndiko kunakodanganya. Siku ya pili mzee akashona kipande cha tyubu ya baiskeli mahali mkanda unapojilalia, raba ikae kati ya mkanda na mkanda, mbali na ngozi. Nikaruka 50, nikaongeza 50, mstari uko pale pale. Nikakunja goti, nikachuchumaa nusu nikishika goli, nikakimbia. Kidole gumba kinanyanyuka kama askari.

Kipimo changu sasa ni hiki: mkanda ukishafungwa, vidole viwili vipite kati yake na soksi kwa shida, vitatu visipite. Kila nusu saa natafuta nguzo, nafungua, nahesabu mpaka 60, nafunga upya. Bosi alinuna kuhusu hizo dakika, nikamwambia akipenda avae yeye. Hakuvaa.

Fundi alinitoza shilingi 15,000 kwa miguu yote miwili, pamoja na kucheka. Yule mshikaji aliyeanguka ndiye aliyekuwa wa pili kuleta yake, na kwa vile mashavu ya miguu yake ni ya mcheza mpira, ilibidi mkanda urefushwe na shimo la pedi lihamishwe. Pedi yangu haimfai, yake hainifai. Zimebaki jozi nne za kikundi, na swali la nani alipe linazunguka kama mchango wa harusi. Bosi anasema miguu ni yetu. Sisi tunasema springi ni zake.

Kilichobaki kwangu ni jasho. Jinzi inanyonya vizuri, lakini inachukua muda kukauka, na pedi mbichi inachubua kuliko hata ile ya plastiki. Nazifungua kila baada ya kazi, nazifua kwa sabuni ya kipande, nazianika kwenye kamba pamoja na kanga za mama, ambaye kila akizikuta anauliza kama nimeanza kufuga punda. Itabidi nishonewe jozi ya akiba. Jumamosi tuna kazi Kigamboni, pedi za mguu wa kulia zimeshakauka, za kushoto bado, na mawingu nayaona yanajikusanya huko baharini.