Nani Mwenye Wimbo? Santuri za Soul Zilizotolewa Upya na Suala la Utunzi

Uhakiki wa fasihi umezoea kulichukulia toleo jipya la kazi ya kale kama huduma tu: kazi ilikuwa imepotea, mhariri akaiokota, wasomaji wakashukuru. Makala haya yanashikilia kwamba kutoa upya ni kuhakiki, na kwamba mhariri anayeokota pia huamua kazi ile ilikuwa nini. Mfano nitakaoutumia hautoki katika ngano wala tenzi zetu. Unatoka katika muziki wa soul wa Wamarekani weusi, ambao nimeusikiliza kwa muda mrefu kuliko niwezavyo kuutetea mbele ya wenzangu wa idara. Huko, mengi ambayo katika diwani zetu hufunikwa na ukimya wa mhariri yamo hadharani: bei, mikataba, kesi, na hata wenye nyimbo wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtangazaji wa redio aitwaye Bill Moss alianzisha kampuni ndogo ya kurekodi muziki, Capsoul, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Ilitoa santuri chache, kisha ikafa kabla ya muongo huo kwisha. Mwaka 2003 kampuni ya Numero Group iliundwa Chicago, na mwaka uliofuata ikaanza kazi yake kwa mkusanyiko wa nyimbo za Capsoul. Mikusanyiko mingi imefuata chini ya anwani moja ya jumla, Eccentric Soul, yaani soul ya ajabu, iliyo kando ya njia kuu. Kila toleo huja na kijitabu chenye picha, tarehe na masimulizi marefu juu ya waimbaji na studio zao. Mhariri wa tenzi angekitambua kijitabu hicho mara moja: ni utangulizi na maelezo ya matini.

Anwani hiyo ndiyo inayonishughulisha. Je, Moss na waimbaji wake walikusudia kuwa kando? Nionavyo mimi, la hasha. Kila aliyefungua kampuni ya aina hii katika miji ya kati ya Marekani alikuwa na Motown ya Detroit mbele ya macho yake. Alitaka nyimbo zake zipigwe redioni kutoka pwani hadi pwani. Kilichomweka kando ni uhaba wa fedha za kuchapisha nakala za kutosha, kuzisambaza madukani na kuzisukuma katika stesheni za redio. Studio ilikuwa ndogo, muda wa kurekodi ulikuwa mfupi, na sauti iliyopinda kidogo iliachwa hivyo kwa kuwa kurudia kulikuwa na gharama. Msikilizaji wa leo husikia upinde ule akauita mtindo, akausifu kwa uasilia wake. Hivyo umaskini wa mtunzi unageuka kuwa tunu ya msikilizaji. Simlaumu msikilizaji huyo, kwani nami ni mmoja wao na upinde ule hunisisimua. Hata hivyo, mhakiki anapaswa kutenganisha alichokitafuta mtunzi na kile alicholazimika kukubaliana nacho.

Katika mkusanyiko huo wa Capsoul umo wimbo wa Marion Black, Who Knows. Miaka 2 kabla ya mkusanyiko kutoka, mwanamuziki RJD2, aliyekulia Columbus kulekule, alikuwa amekwisha kuukata vipande na kuujengea wimbo wake mwenyewe katika santuri yake ya mwaka 2002. Hivyo vijana wengi walikutana na sauti ya Black kabla ya kulijua jina lake. Sisi watu wa fasihi simulizi hatupaswi kushangaa. Ndivyo fomyula na beti zinavyosafiri kutoka kwa manju mmoja hadi mwingine.

Lakini upo usafiri wa namna nyingine. Katika miaka ya 1970, vijana wa tabaka la wafanyakazi kaskazini mwa Uingereza walikesha wakicheza soul ya Marekani iliyokuwa imeshindwa sokoni kwao, hasa katika ukumbi wa Wigan Casino, uliodumu tangu 1973 hadi 1981. Wapiga santuri walishindana kwa uadimu. Aliyepata santuri isiyo na mwenzake aliweza kuifunika lebo na kuipa jina la uwongo, ili wapinzani wasiweze kuitafuta. Wimbo wa Frank Wilson, Do I Love You, uliorekodiwa kwa Motown mwaka 1965 na kusalia katika nakala chache mno, ulipigwa mwanzoni chini ya jina lisilo lake. Motown ya Uingereza iliutoa upya mwaka 1979. Mwaka 2009 nakala moja ya santuri ile ya awali iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Ni wimbo mzuri, na bado ningeupenda kama nakala zake zingejaa sokoni. Bei ile haikupima uzuri wake hata kidogo. Ilipima idadi ya watu waliokosa kuusikia.

Syl Johnson anatuwekea suala hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa alikuwa hai na hakukubali kunyamaza. Alizaliwa Mississippi mwaka 1936, akafanya kazi yake Chicago, na mwaka 1967 akatoa Different Strokes. Ni mwaka uleule ambapo insha ya Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi ilichapishwa kwa mara ya kwanza. Sadfa ninayoifurahia kuliko inavyostahili. Baadaye Johnson aliupa muziki kisogo kwa kiasi kikubwa, akafungua mikahawa ya samaki wa kukaanga. Wakati huohuo watunzi wa muziki wa kufokafoka, miongoni mwao Public Enemy na Wu-Tang Clan, walikuwa wakikata vipande vya wimbo ule na kuvipachika katika nyimbo zao. Johnson alitafuta mawakili. Mwaka 2011 aliwashtaki Jay-Z na Kanye West, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka uliofuata. Nadharia inayosema kwamba matini ni mfumo wa manukuu yasiyo na mwenyewe ingemweleza nini mzee huyu? Labda ingemweleza kweli kuhusu lugha, lakini isingemlipia mrabaha.

Mwaka 2010 Numero Group ilikusanya kazi zake za awali katika sanduku la CD 4 na santuri 6, ambalo liliteuliwa kuwania tuzo za Grammy. Hapa mhariri alilazimika kukaa na mtunzi mwenye kumbukumbu zake, madai yake na kiburi chake cha haki. Ninaona kwamba toleo lilinufaika kwa mabishano ya aina hiyo. Johnson alifariki Februari 2022, jina lake likiwa juu ya kazi yake.

Katika somo la fasihi simulizi sasa huwataka wanafunzi waongeze ukurasa mmoja kwenye kila matini wanayoikusanya: mtendaji ni nani, alitaka kazi yake imfikie nani, alipata nini. Nilidhamiria kurekebisha desturi ambapo jina la mkusanyaji hukaa jaladani ilhali fanani huitwa mtoa habari. Mwanafunzi mmoja alirejea na nyimbo za nyanya yake, na pahali pa jina pakiwa patupu. Nyanya alikuwa amekataa. Alisema nyimbo zile ni za wanawake waliokuwa wakilima pamoja, wengi wao wamekwisha kufa, na jina lake pekee lingekuwa wizi. Tulijadili kwa muda mrefu, kisha tukaliacha pengo lile lilivyo na kuandika chini yake sababu aliyoitoa.