Kwa Baiskeli Hadi Juquila



Sisi ni mume na mke. Tunaandika pamoja kwa sababu safari hii tulikwenda pamoja, ingawa mwanzoni kila mmoja alikuwa peke yake juu ya baiskeli yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni akiwa wa miezi saba. Tulikuwa masomoni Houston, Marekani, mbali na ndugu ambao wangekuja kukaa nasi matangani. Tukaendelea na masomo, tukasali Rozari kila jioni, lakini habari za mtoto hatukuzigusa. Nyumbani wenzetu wa rika letu wanaitwa Baba Fulani na Mama Fulani. Sisi tulibaki na majina yetu ya ubatizo.

Muumini mmoja wa parokia ya huko, mzaliwa wa jimbo la Oaxaca kusini mwa Meksiko, ndiye aliyetusimulia habari za Bikira Maria wa Juquila. Sanamu yake ni ndogo, haifiki hata nusu mita, lakini mahujaji humwendea kwa maelfu, hasa kuelekea sikukuu yake ya Desemba 8. Wengine huenda kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Tukaazima baiskeli, tukaanzia mji wa Oaxaca. Mbele yetu kulikuwa na karibu kilomita 200, nyingi zikiwa za milima.

Mmoja wetu ana miguu yenye nguvu kuliko mwenzake. Alikuwa akitangulia, kisha anangoja kileleni. Mwenzake akifika akihema, yeye ameshapumzika, anapanda baiskeli tena. Alidhani huko ndiko kusaidia.

Tulipopita Sola de Vega, yule wa nyuma akapata pancha. Pampu na viraka vilikuwa kwa aliyetangulia. Akakaa kando ya barabara mpaka likatokea kundi la mahujaji wa baiskeli, wamejifunga picha za Bikira Maria mgongoni, gari la mizigo likiwafuata. Wakampa tortilla na maharage, wakaanza kuziba tairi. Mmoja akauliza kwa upole: mwenzako yuko wapi? Swali lile lilimshinda. Akalia.

Wa mbele alipoona muda unapita, aligeuza akashuka mlima wote aliokuwa ameupanda. Akamkuta mwenzake analia, naye akalia. Tangu msiba ule hatukuwahi kulia pamoja.

Kuanzia hapo tulikwenda sambamba, kwa mwendo wa asiye na nguvu. Katika misitu ya misonobari tulitaja kwa sauti jina tulilokuwa tumemchagulia mtoto.

Kabla ya kufika Juquila kuna mahali panaitwa El Pedimento. Hapo mahujaji hufinyanga kwa udongo kile wanachokiomba: nyumba, gari, ng'ombe, mtoto mchanga. Udongo wetu ulikuwa mkavu, ukawa unapasuka. Mama mmoja jirani yetu akaumiminia maji ya chupa yake, bila kutuuliza lolote. Tukafinyanga mtoto. Wengine hapo walimfinyanga mtoto wanayemwomba. Sisi tulimfinyanga yule tuliyekuwa naye kwa miezi saba. Tukamwacha kati ya wenzake wengi wa udongo, tukaenda kumsalimu Mama Maria.

Bado hatujapata mtoto mwingine. Lakini sasa tunazungumza.

Ndugu mafrateri, siku moja wanandoa kama sisi watakaa mbele yenu. Msitungojee kileleni mkiwa na neno zuri. Shukeni mpaka pale tairi ilipoishiwa upepo. Nanyi waamini wenzetu, mkikutana na waliofiwa na mtoto ambaye hamkuwahi kumwona, waulizeni alikuwa aitwe nani. Swali hilo tulilisubiri mwaka mzima.

Tuombeane.