Kukwama kwa Bunduki: Maarifa ya Kambini katika Arua na Koboko

Maarifa ya kutambua kwa nini bunduki imekwama yalifika Arua na Koboko kwa Kiswahili. Eneo la West Nile, ilimo miji hiyo miwili, liko ukingo wa magharibi wa Mto Naili kaskazini-magharibi mwa Uganda, nalo lilitoa Wakakwa, Walugbara, Waaluri, Wamadi na Wanubi wengi kwa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni ambalo askari wake walifundishwa na kuamrishwa kwa Kiswahili, na kijana aliyeondoka kijijini bila kuijua lugha hiyo aliipata pamoja na gwaride na majina ya viungo vya bunduki. Miongoni mwao alikuwamo Idi Amin, mwenye asili ya Koboko kwa upande wa baba, aliyeandikishwa mwaka 1946.

Bunduki ya zama hizo, Lee-Enfield ya milimita 7.7, haikujipakia yenyewe. Askari aliisukuma kwa mkono wake bolti, yaani chuma kinachoingiza risasi ndani ya chemba, ambayo ni tundu la nyuma ya mtutu, kisha kuifunga, na kwa sababu hiyo hitilafu aliihisi kiganjani kabla ya kuiona. Hitilafu iliyojulikana zaidi ilitokana na umbo la risasi, ambayo kitako chake kina ukingo uliotokeza: ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, ya juu hunaswa isitoke, na dawa yake ni kuzipanga upya. Wakati Batalioni ya 4, iliyokuwa ya Uganda, ilipopita katika matope ya Bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kupanga na kufuta risasi hakukuwa tena jambo la ukaguzi wa asubuhi tu.

Mambo yalibadilika zilipokuja bunduki za nusu-otomatiki, ambazo hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha zenyewe hutupa ganda tupu na kupakia risasi nyingine. Waingereza waliichagua SLR ya milimita 7.62 mwaka 1954, na magazini yake, kile kisanduku cha kuwekea risasi, ilibeba risasi 20. Kwa kuwa sasa bolti ilirudishwa na gesi ya baruti iliyosukuma pistoni, kiganja hakikuwa na la kusema, na askari alilazimika kusoma ushahidi kama fundi: kuondoa magazini, kuishika bolti nyuma, kutazama risasi imesimama wapi, na ndipo kutoa hukumu.

Ushahidi huo una mantiki yake. Risasi iliyoinamisha pua na kugonga chini ya mlango wa chemba huelekeza shaka kwenye magazini, ambayo pengine haikubanwa sawasawa, au midomo yake, yaani kingo mbili za juu zinazoishikilia risasi, imepinda. Bolti iliyopita juu ya risasi bila kuichukua inaweza kuwa na sababu mbili zisizofanana hata kidogo, nazo ni springi ya magazini iliyolegea isiyoinua risasi kwa wakati, au gesi pungufu iliyoifanya bolti isirudi nyuma vya kutosha. Njia ya kuzitenganisha ni kubadilisha magazini: ugonjwa ukihama nayo, kosa ni lake, ukibaki, kosa limo ndani ya bunduki. Kwenye SLR, askari aliyefikia hapo aligeuza pete ya kurekebishia gesi ili kupunguza inayovujia nje, na pistoni ikapata nguvu zaidi.

Ujuzi huo, hata hivyo, haukuhamishika kwa urahisi. G3 ya Kijerumani, iliyoenea Afrika Mashariki, haina pistoni wala pete ya gesi. Bolti yake hucheleweshwa na magurudumu madogo mawili, na chemba yake ina mifereji myembamba ambayo, ikijaa masizi, hulifanya ganda ling'ang'anie. Aliyezoea kutafuta kosa kwenye gesi hakuwa na pa kushika.

Kisha ikaja AK, yenye magazini iliyopinda ya risasi 30, ganda linalosinyaa kuelekea mbele ili liingie na kutoka kirahisi, na nafasi ya kutosha baina ya viungo vyake kuvumilia vumbi la kiangazi cha Arua. Sifa za bunduki hii zimetiwa chumvi mno, lakini moja haina ubishi: ilisamehe uzembe, na palipo na msamaha wa namna hiyo elimu ya uchunguzi hufifia. Jeshi la Amin, askari huyo aliyekuja kuwa rais wa Uganda, liliposambaratika vitani na majeshi ya Tanzania kufika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979, silaha zilivuka mipaka pamoja na wakimbizi, na katika miaka ya uasi iliyofuata, hadi kundi la waasi la UNRF II lilipotia saini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, mpiganaji aliweza kushika bunduki bila kupitia chuo chochote cha kijeshi. Silaha iliyofichwa ardhini kwa misimu kadhaa huota kutu kwenye springi ya magazini na kwenye maganda ya risasi, hitilafu ambayo mwalimu wa KAR angeitambua kwa kubonyeza risasi ya juu kwa dole gumba na kuona inavyorudi kwa uvivu.

Siku hizi, katika miji ya Arua na Koboko, swali hilohilo la kwa nini bunduki imekwama linamhusu mlinzi wa mlangoni anayebeba bunduki ya nusu-otomatiki kwa miaka bila kuifyatua. Kila mwisho wa zamu risasi hutolewa, na mwanzo wa zamu nyingine risasi ileile hurudishwa chembani. Kichwa chake, kwa kugongwa mara kwa mara, huzama polepole ndani ya ganda, risasi hupungua urefu, na siku ya haja inaweza kukwama mlangoni mwa chemba ilhali bunduki na magazini ni vizima. Kuilaza kando ya risasi mpya na kulinganisha urefu kunatosha kuigundua.