Pima Kabla ya Kushtaki

Ikiwa umewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa ambalo hukulithibitisha, makala haya ni yako kama yalivyo yangu. Nitakusimulia jinsi kompyuta ndogo, inayoenea kiganjani, ilivyonifunza jambo ambalo nilikuwa nikilifundisha darasani kwa miaka kadhaa bila ya kulitenda.

Shule yetu iko Nalufenya, mjini Jinja, si mbali na mahali Mto Naili unapoliaga Ziwa Viktoria. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, nilifurahi sana. Hata hivyo, kabati letu la vitabu vya Kiswahili lilibaki nusu tupu. Basi walimu na wazazi tukachanga fedha, tukanunua kompyuta ya bodi moja aina ya Raspberry Pi 4. Kompyuta za jamii hii zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, na sifa yake ni kwamba kichakataji, kumbukumbu na matundu ya nyaya vyote vimo katika bodi moja. Tuliiwekea programu ya Kiwix, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia bila ya intaneti, ikiwamo Wikipedia ya Kiswahili. Kompyuta kuukuu za maabara ziliunganishwa nayo kwa waifai, na wanafunzi wakaanza kusoma.

Kwa kuogopa wezi, niliifungia bodi ile ndani ya sanduku la bati, kama yale wanayokuja nayo wanafunzi wa bweni muhula unapoanza. Sanduku nililiweka juu ya kabati, karibu na paa ambalo nalo ni la bati. Chaja ilikuwa ya simu, na waya wake ulikuwa mwembamba na mrefu, yapata mita tatu, ili ufike kwenye soketi ya ukuta wa pili. Nilijiona mwerevu.

Mwezi haukwisha kabla matatizo hayajaanza. Kila alasiri mashine ilizubaa, kisha ikajizima na kujiwasha yenyewe. Hatimaye kadi ya kumbukumbu ikaharibika na kila kilichokuwamo kikapotea. Tulinunua kadi ya pili, nayo ikafa. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mikononi mwa watu wawili tu: mimi na mwanafunzi wa zamu, kijana wa kidato cha pili. Nikahitimisha kwamba kijana yule alikuwa akichomoa waya bila ya kuizima mashine kwa utaratibu, kosa ambalo kweli huharibu kadi. Nilimvua zamu mbele ya wenzake. Alisema maneno mawili tu: “Mwalimu, sikuuchomoa.” Nikamwambia aketi. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Mharibifu.

Kadi ya tatu ilikufa wakati ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu peke yangu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa redio karibu na soko kuu. Nilimweleza yote, pamoja na habari za kijana. Alinisikiliza, kisha akaniuliza: “Mwalimu, umepima?” Sikuwa na jibu. Alikuja shuleni na kipima-umeme chake, akagusa pini mbili za bodi ilipokuwa ikifanya kazi. Kipimo kilionyesha volti 4.5.

Hapa nikueleze kidogo, kwa kuwa maneno haya utayahitaji. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, na ampea ni kipimo cha mkondo wake. Wewe unayeishi kando ya Naili neno “mkondo” unalijua: ni maji yanavyokwenda. Waya ni mfereji. Ukiwa mwembamba na mrefu, unaleta ukinzani zaidi. Kompyuta yetu huhitaji chaja ya volti 5.1 yenye uwezo wa kutoa ampea 3. Mkondo wa ampea 2 ukipita katika waya wenye ukinzani wa omu 0.3, volti 0.6 hupotea njiani. Volti 5.1 zinazotoka kwenye chaja hufika zikiwa 4.5. Bodi ile hutoa onyo volti zinaposhuka chini ya takriban 4.63, na ikiwa ina kioo, alama ya radi huonekana pembeni. Yetu haikuwa na kioo. Ilikuwa ikilalamika gizani, ndani ya sanduku nililolifunga mwenyewe.

Ipo pia amri ya kuiuliza mashine yenyewe: vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 maana yake ni salama. Letu lilikuwa 0x50005, yaani umeme ulikuwa pungufu wakati ule na kasi ya kichakataji ilikuwa imebanwa, na mambo hayo yalikuwa yamekwisha kutokea tangu ilipowashwa. Umeme unapopungua mashine ikiwa katikati ya kuandika kwenye kadi, maandishi hukatika na kadi huvurugika. Kijana hakuuchomoa waya. Waya wenyewe ndio uliokuwa ukiinyima mashine umeme.

Tulinunua chaja ifaayo, yenye waya mfupi na mnene, na diski ya nje tukaipa umeme wake yenyewe badala ya kuiacha inyonye kwenye bodi. Kuzima na kuwaka kukakoma. Hata hivyo, alasiri mashine iliendelea kuzubaa. Fundi akanikumbusha kwamba ugonjwa mmoja hauzuii mwingine. Tulitumia amri ya vcgencmd measure_temp, ikatuambia nyuzi 82 za Selsiasi. Kompyuta hii ikifika nyuzi 80 hupunguza mwendo ili isijiunguze, kama mkulima anayekaa kivulini jua la saa nane linapowaka. Tulitoboa matundu kwenye pande mbili za sanduku na kuyafunika kwa wavu, tukabandika kipande cha alumini juu ya kichakataji, tukaongeza feni ndogo ya volti 5, kisha tukalishusha sanduku kutoka darini hadi kwenye ukuta usiopigwa na jua. Siku iliyofuata, saa tisa alasiri, kipimo kilisoma nyuzi 57.

Msomaji wangu, Jinja ni mji wa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 180. Bujagali iliongeza megawati 250 mwaka 2012. Nasi, jirani wa mabwawa hayo, tulishindwa kuiwasha kompyuta ya kiganjani kwa sababu ya mita tatu za mwisho za waya. Nalikumbuka jambo hili kila ninaposikia kwamba fedha za dawa au za madawati zimekwisha kutolewa. Kilichotoka si lazima ndicho kilichofika. Raia hana budi kupima mwisho wa waya, penye zahanati na darasa. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 1995 kinampa raia wajibu wa kupambana na ufisadi na matumizi mabaya ya mali ya umma, na wajibu huo hautekelezeki kwa kukisia.

Lipo somo jingine zito zaidi. Jina la mtaa wetu lilienea nchini si kwa sababu ya shule zake, bali kwa sababu ya kituo cha polisi. Mwaka 2017 malalamiko ya washukiwa kuteswa humo yalifika Bungeni, na mwaka 2018 Mkuu wa Polisi, Martin Okoth Ochola, akaamuru kiwe kituo cha kawaida. Nimewafundisha wanafunzi wangu Kifungu cha 28, kisemacho kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Nilikifundisha kana kwamba kinawahusu polisi na mahakimu peke yao. Ndani ya chumba changu nilimshtaki kijana, nikamhukumu na kumwadhibu katika muda usiozidi dakika tano, wala sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya ufunguo.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomwaibishia. Nilieleza kwamba chaja niliichagua mimi, na sanduku nililifunga mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kijana aliitikia kwa adabu, “Asante, Mwalimu,” akaketi. Sitakudanganya kwamba mambo yalitengenea siku hiyo. Jina la Mharibifu liliendelea kusikika uwanjani kwa majuma kadhaa, na nilipomrudishia ufunguo mara ya kwanza, aliukataa.

Aliupokea muhula uliofuata, kwa sharti moja alilolitoa mwenyewe: kuwe na daftari. Sasa kila anayefungua sanduku huandika tarehe, saa, nyuzi za joto, jibu la mashine kuhusu umeme, na jina lake. Nami huandika langu.

Kazi yako wiki hii ni hii: chagua kitu kimoja cha umma kilichoharibika mtaani kwenu, kama vile bomba, taa ya barabarani au dawati. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu. Katika ya kwanza, eleza watu wanamlaumu nani. Katika ya pili, eleza ni nini kilichopimwa, na nani aliyekipima.