Mazoezi ya Nguvu na Kasi kwa Vijana Wetu wa Mpira, Mwaka Mzima



Ndugu wazazi na wanafunzi, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini vijana wetu wa mpira, wa hapa Area 49 na wale wa Dzaleka, wanaonekana wakichuchumaa na kurukaruka hata mwezi wa Januari, viwanja vikiwa matope matupu na hakuna mashindano yoyote. Wapo wanaoona ni muda unaopotea, ungetumika kwenye masomo au shambani. Tumeona tulieleze kwa urefu kidogo, maana linahusu miili ya watoto, na mwili ni amana.

Desturi ya mitaani tunaijua sote. Kombe likitangazwa, wiki mbili kabla watoto wanaamshwa baada ya Alfajiri na kukimbizwa barabarani mpaka watapike. Mechi zikianza, wawili watatu tayari wanachechemea. Kombe likiisha, kila mtu anakaa mpaka lingine. Misuli haijengwi hivyo. Inataka wiki nyingi za kuzoeshwa kidogo kidogo, na ikiachwa kabisa inaanza kurudi ilikotoka. Hadithi aliyoipokea Bi Aisha (r.a.), kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu japo ikiwa ndogo, tumezoea kuitaja kwenye sala za sunna. Sisi tunaichukua mpaka uwanjani.

Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, tunafanya nguvu. Ni siku mbili kwa wiki, dakika 20 au 25, barazani au chini ya mwembe. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kusimama kwa mguu mmoja huku ukirushiana mpira na mwenzako, kujiinua juu ya viwiko ukabana tumbo. Kisha lile zoezi ambalo vijana hawalipendi: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajishusha mbele polepole mpaka kifua kifike chini. Hilo linaimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo hukatika mchezaji anapofyatuka mbio. Uzito wetu ni begi la shule lenye mchanga. Na kijana aliyeshinda analima tangu asubuhi hatumwongezei kitu. Jembe limeshamfanyisha mazoezi.

Kuna mama aliyetuambia kuwa kunyanyua vitu vizito kunamfanya mtoto awe mfupi. Maneno haya yameenea sana, lakini madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wameyajibu: mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri, kwa mtoto anayeweza kusikia na kufuata maelekezo, hayadhuru urefu wake. Kinachodhuru ni kubeba kupita kiasi bila mtu wa kukutazama. Na faida yake imepimwa. FIFA wana utaratibu wao wa kupasha mwili uitwao 11+, wa dakika kama 20, usiohitaji kifaa zaidi ya mpira. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, utafiti uliotolewa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa karibu nusu. Sehemu kubwa ya tunayoyafanya tumeyatoa humo.

Ardhi ikikauka tunaingia kwenye kasi. Hapa ndipo tunapobishana na makocha wa mtaani. Kasi haitokani na kuzunguka uwanja mara ishirini. Ni mbio za mita 10, 20, mwisho 30, kwa nguvu zote, kisha unarudi kwa kutembea na kupumzika mpaka pumzi itulie. Mara nane zinatosha. Anayepita njiani ataona uvivu, kwa sababu muda mwingi vijana wamesimama. Lakini anayekimbia akiwa amechoka anajifunza kukimbia taratibu, basi. Wanaomtazama Temwa Chawinga, dada wa Malawi aliyefunga mabao 20 katika ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2024, waangalie hatua zake tano za kwanza. Zikiisha hizo, beki ameshaachwa. Kazi ya nguvu nayo hatuiachi kabisa miezi hiyo. Mara moja kwa wiki inasaidia kuihifadhi.

Miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi. Tunapunguza: mazoezi mepesi ya dakika 15 karibu na Maghrib, hakuna mbio. Na kijana anayerefuka haraka, miaka 13 au 14, akilalamika maumivu chini ya pia ya goti, msimwambie avumilie. Tuambieni tumwondoe kwenye kuruka kwa muda.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwaka 2023, wakimbizi walipotakiwa kurudi kambini, timu yetu iligawanyika. Waliokuwa wakicheza pamoja hapa Area 49 sasa wametenganishwa na makumi ya kilomita za barabara. Dzaleka ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 14,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Mazoezi hayo hayo yanafanyika kule, maana hayahitaji chochote. Ila chakula yanakihitaji. Misuli hujengwa baada ya mazoezi, mtoto akila na kulala. Asipokula, mwili unajila wenyewe.

Kwa hiyo kule kuna utaratibu mmoja usiokuwepo kwenye kitabu chochote cha mpira. Kabla ya kuanza, kila kijana anaulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, amekula nini leo. Ambaye hajala hafukuzwi wala hatajwi mbele ya wenzake. Anapewa kazi ya kusimama kwa mguu mmoja, au kupima muda, au kupiga pasi fupi. Wapo wanaodanganya kwamba wamekula, kwa kuwa wanataka kukimbia. Tunawajua kwa midomo yao na kwa jinsi wanavyoinama mapema, na hao tunawapa saa wapime muda.

Akina mama wa kule wameanza kupika uji wa Likuni Phala, unga wa mahindi na soya, siku za mazoezi, Jumanne na Jumamosi. Maharage na usipa hupatikana mara chache. Mwenye soya, karanga au sukari, hata kikombe kimoja, awakabidhi wanaosimamia madrasa hapa Area 49 kabla ya Ijumaa. Zinapelekwa kwa minibasi Jumamosi asubuhi.

Wabillahi tawfiq.